Pale Inapowezekana

Kibanda changu kina vioo pande tatu,
bilauri ya maji, maikrofoni yenye jicho jekundu.
Nikiiwasha, mimi si Austėja tena,
ni mdomo wa yeyote anayesema.

Siku ya tisa hii, Vienna, aya ya ishirini na tatu:
"Nchi zitasaidiana [pale inapowezekana]."
Maneno mawili ndani ya mabano,
na mabano hayo yanashinda kufuli.
Mjumbe mmoja anataka yaondolewe.
Mwingine anataka yabaki, yaongezewe
"kwa kuzingatia sheria za ndani".
Wa tatu ameomba muda awasiliane na mji mkuu.
Mji mkuu umelala.
Nami natafsiri hata kikohozi chao.

Jumanne iliyopita, saa nne kasoro usiku,
simu ililia kwa mama, Klaipėda.
Sauti ilikuwa ya Domantas, mjukuu wake,
na kigugumizi chake kwenye herufi ya k,
na ile "bibi" anayoivuta
kama mtu anayevuta blanketi kitandani kwa mwenzake.
"Nimegonga mtu, bibi. Usimwambie shangazi."
Domantas alikuwa Kaunas, anakaanga mayai.
Sauti ilishonwa kwa vipande vya video zake,
na mshono haukuonekana.

Mama akasoma tarakimu sita, polepole,
jinsi alivyowasomea imla watoto wa darasa la kwanza
miaka thelathini na miwili.
Fedha za paa jipya, na za jeneza
("usinicheke, kila kitu kimepanda bei"),
zikavuka mipaka mitatu kwa dakika kumi na moja.
Hakuna aliyezidai viza.
Hakuna aliyeomba muda awasiliane na mji mkuu.

Polisi aliandika yote kwa kalamu. Alikuwa na huruma.
Ombi rasmi, alisema, litajibiwa
baada ya miezi sita, pengine tisa.
"Mimba hiyo," mama alisema. "Nitazaa nini?"

Hapa sijui nisimulie au ninyamaze.
Namjua Ilmārs, wa zamu ya usiku kule Riga,
kikosi cha watu wanne na mashine moja ya kahawa.
Ilmārs anamjua Yamandú wa Montevideo;
walikutana mara moja tu, mafunzoni,
wakagombea tundu moja la umeme.
Ujumbe wake ulikuwa mistari miwili:
namba ya akaunti, anwani ya seva,
tafadhali, kabla hujaenda nyumbani.

Jibu lilikuja kwa Kihispania.
Inawezekana.

Kidole kimoja hakivunji chawa.
Vidole vilikuwa viwili, bahari nzima katikati,
na chawa alikuwa na akaunti kumi na saba.
Theluthi moja ilirudi.
Paa litasubiri, au jeneza. Mama hajaamua.
Siku hizi akipigiwa simu na yeyote wetu
huuliza kwanza jina la paka aliyekufa.
Hata mimi. Hata nikiwa ninalia.

Laiti ningeweza kuyachukia yale mabano.
Lakini leo asubuhi mjumbe mwenye skafu ya kijani,
wa nchi ndogo ambayo hakuna anayeisikiliza,
alisema: tukiyafuta,
kesho litakuja ombi linalomsaka mwizi,
na ndani ya gunia lake
mtakuta jina la mwandishi wa habari.
Alisema bila kupaza sauti.
Nilimtafsiri vizuri kuliko wote,
na mkono wangu ulitetemeka juu ya kitufe.

Saa kumi na moja jioni. Mwenyekiti anasoma tena aya.
Anafika kwenye maneno yale mawili.
Nami nachelewa,
nusu sekunde, labda zaidi,
hata wajumbe kadhaa wanashika vidude vyao masikioni,
wanageuka, wanatazama juu,
kwa mara ya kwanza baada ya siku tisa,
kwenye kioo.

Nikayatamka. Nimelipwa kuyatamka.
Lakini kwenye kinasa sauti, atakayesikiliza
atasikia kwanza mtu akivuta pumzi.